Bafle la Mawe

Mama Mukankusi alipiga hodi kwenye mlango wa mwanawe, akajibiwa "karibu", akaingia, akaketi. Alikuwa amebeba maharagwe mabichi ndani ya kitenge. Akayaweka mezani, akavua viatu vya mvua vilivyojaa tope la njia ya Mushaki, akamngoja atokee huyo aliyemkaribisha. Akangoja sana. Mwishowe akaita, akachungulia chumbani, akazunguka hadi jikoni nyuma ya nyumba. Hapakuwa na mtu. Mwanawe Viateur na mkewe Constance aliwaona baadaye wakipanda kutoka shambani, wote wawili na majembe begani.

"Mulimuacha nani ku nyumba?" akawauliza kabla hata ya salamu.

"Hatukuacha muntu, mama," Constance akasema. "Tulirudisha tu mulango."

"Muntu alinijibu."

"Alikujibu nini?"

"Alisema karibu! Bantu banajibiaka nini ku hodi?"

Viateur akacheka. Alikuwa hodari wa kucheka mambo ya watu wengine. Akasema labda ni redio ya jirani, akaingia ndani kunawa mikono. Constance hakucheka. Asubuhi ile, alipokuwa akitandika kitanda, alisikia harufu ya maziwa yaliyochacha, nzito, iliyochanganyika na harufu ya mawe mabichi, na wao hawakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Sasa huyu Viateur, ili umwelewe, alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya parokia, na alikuwa na masikio ambayo yeye mwenyewe aliyasifu sana. Kaka yake Jean-Claude alimletea kutoka Goma kimashine cha kukanyaga kwa miguu, wao wakakiita pedalie. Ndani ya pedalie mlikuwa na sauti za ampli, yaani vikuza sauti, za kila namna zilizoigizwa, na kila ampli ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kichwa, ndicho kinachounguruma. Ya pili ni bafle, lile sanduku la spika, ambalo ndilo mwili. Kichwa bila bafle hulia kama nzi ndani ya kopo. Ukikipa bafle lisilokifaa, kinasikika kama mtu mwenye mafua. Ukikipa linalokifaa, hata anayepita barabarani atasimama. Viateur alishinda akivioza vichwa na mabafle, akijiita mshenga wa kanisa. Constance akimwita aje kula, humjibu kwamba kuna arusi haijaisha.

Kilichomharibu ni hamu ya kuwa na bafle ambalo hakuna mwingine analo. Alijifunza kwenye simu kwamba unaweza kujitengenezea. Unakwenda mahali penye sauti unayoipenda, unapiga mlio mmoja mfupi, unarekodi namna mahali pale panavyojibu, kisha unaipa mashine lile jibu, nayo inalivaa kama bafle. Kijana wa watu akafikiri moja kwa moja juu ya nyumba ya fromaji, yaani jibini.

Nyumba hiyo iko juu ya kilima, imeachwa zamani. Chini yake kuna chumba cha mawe walimokuwa wakikomazia fromaji. Wazee wa Viateur waliokuwa wakifanya kazi pale waliacha bila kufukuzwa na mtu. Waliona fromaji zimekaa kwenye mbao, ganda zima, hazina hata tundu la panya, lakini ukizipasua, ndani tupu. Jambo hilo Viateur alilijua tangu utotoni. Alilicheka pia.

Walipanda huko mchana, yeye na Constance, juma moja kabla ya maharagwe ya Mama Mukankusi. Viateur akatangulia kushuka chini, akapanga simu na mikrofoni, akabonyeza, akamwita mkewe aje apige makofi, kwa kuwa makofi ya Constance yalikuwa makali. Constance akafika mlangoni akasita. Alikuwa amelelewa vizuri, na miguu yake haikujua kuingia mahali bila kubisha.

"Hodi," akasema.

Viateur, akiwa ameinama juu ya nyaya zake, akanyoosha mgongo, akatoa kifua kama tajiri wa ng'ombe, akajibu kwa sauti nene: "Karibu, mama! Karibu kwangu!"

Wakacheka wote wawili. Constance akaingia akapiga kofi moja. Mawe yakalirudisha, mlio mwembamba wa kupendeza, kisha nyuma yake kikaja kitu kizito cha chini, kama mtu anayevuta pumzi. Viateur akafurahi kupita kiasi.

Basi alilipa bafle lile kichwa kimoja cha zamani, kipole, na walipokuwa kwenye mazoezi, gitaa likatoka kwa namna ambayo waimbaji walisahau zamu zao. Constance, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kuimba, alifuta machozi. Viateur akatamba kwamba kichwa hatimaye kimeoa.

Hiyo ndiyo furaha waliyoipata. Yaliyofuata ni hasara tupu.

Baada ya Mama Mukankusi akaja jirani yao Fiston kuazima shoka. Naye akakaribishwa na nyumba tupu, akakaa, akaondoka kwa hasira akisema wanamdharau. Katekista naye akaja, yakamkuta hayohayo. Baada ya hapo watu wakaanza kusimama barabarani na kuita kwa majina, maana hakuna aliyetaka tena kupiga hodi. Viateur akaamua kumaliza upuuzi huo mwenyewe. Mchana mmoja, ukungu umelala juu ya mabati, Constance akiwa amesimama pembeni yake uani, alikwenda kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe akabisha.

"Hodi."

"Karibu," ikajibu ndani.

Wengine walikuwa wamesikia neno tu. Viateur, mwenye yale masikio, alisikia pia kilicholizunguka: mlio mwembamba wa mawe, na nyuma yake pumzi nzito ikivutwa. Lilikuwa bafle lake. Na pedalie ilikuwa chumbani, ndani ya mfuko wake, haina nyaya, na betri ya sola ilikuwa kwa Fiston ikichajiwa.

Aliingia, akaitoa pedalie, akakimbia nayo hadi kwa Fiston, akalifuta lile bafle. Akaweka lingine. Likalia mawe. Akaweka lingine tena, likalia mawe. Akajaribu yote, makubwa na madogo, yote yakawa chumba kimoja. Akaizima, akaifunga ndani ya gunia, akaitupa chooni, na jioni ile mama yake alipofika na kuita kutoka barabarani, nyumba ikamkaribisha vilevile.

Ila sauti ilikuwa inabadilika. Siku moja nene, siku nyingine nyembamba, siku nyingine ya kukwaruza kama ya mzee mwenye kifua. Viateur alielewa kabla ya wengine, na alivyoelewa alitamani angekuwa kiziwi. Kile kitu kilikuwa na bafle, kilikuwa kinajaribu vichwa, kimoja baada ya kingine, kwa subira, kama yeye alivyokuwa akifanya. Na asubuhi moja, alipokuwa bado kitandani na Constance amemlalia mkononi, mtu akabisha nje kwa kusahau, na sauti ya Constance ikajibu "karibu" kutoka sebuleni, wakati midomo ya Constance ilikuwa imefumbwa, kwenye bega lake, na macho yake yako wazi.

"Si mi," akanong'ona. "Viateur, si mi nimesema."

"Najua. Nyamaza."

"Inanitafuta."

Jumapili Constance aliimba uwanjani, nje ya kanisa, kwa sababu watu walikuwa wengi. Hapakuwa na mikrofoni, hapakuwa na ukuta, palikuwa na majani na ng'ombe na kilima cha ng'ambo, na bado kila neno lililotoka kinywani mwake lilikuwa na chumba ndani yake, lilirudi, lililia kwenye mawe ambayo hayakuwepo, na baada ya kila mstari pumzi ile ikavutwa chini ya sauti yake, hata waimbaji waliokuwa karibu naye wakajisogeza, mmoja akisingizia jua, mwingine akisingizia mtoto, mpaka akabaki anaimba peke yake katikati ya nafasi tupu, akitabasamu tabasamu ambalo Viateur hakulijua.

Nyumbani Viateur alimshika mkono wakakaa jikoni. Sauti yake halisi ilikuja, ndogo, kavu.

"Niko humu," akasema akigusa kifua. "Lakini ananisukuma. Sasa niko nakaa pembeni ya mulango, vile mugeni anakaaka. Usiniache, Viateur."

"Siwezi kukuacha. Wapi nikuache?" Akalia mbele ya mkewe bila haya, huyu mcheka watu.

Mama Mukankusi akaleta kikundi cha maombi, kikiongozwa na Mama Bénédicte mwenye koo la chuma. Wakaomba kwa kelele, wakakemea, wakaamuru. Constance alikaa katikati yao mtulivu, na kila walipofika mwisho yeye ndiye aliyetangulia kusema "Amina", kwa sauti yenye mawe, akiwangoja wengine wamfikie. Mama Bénédicte akafupisha sala. Waliondoka upesi, mwavuli wa mtu ukabaki.

Ndipo wakamtafuta Mama Dusabimana, mganga aliyetoka Buleusa huko Walikale, anayekaa kwa binti yake upande wa Masisi. Alifika kwa moto, yaani pikipiki, mwanamke mpana mwenye hasira ya kudumu, ameloa mvua. Hakutaka kuku wala dawa. Alimtazama Constance kidogo, akageuka haraka kumtazama Viateur.

"Nani alijibu karibu mu nyumba yake?"

Viateur akajifanya anatafuta kiti cha kumkalisha.

"Nakuuliza we! Kulikuwa na muntu alipiga hodi. Mwenye nyumba alikuwa anafungua kinywa ajibu. Nani alimutangulia?"

"Ni mi," Viateur akasema. "Nilikuwa nacheza tu."

"Ulicheza na jini kwake." Akashusha sauti. "Ulijifanya mwenye nyumba kwake. Sasa naye amekuja kuwa mwenye nyumba kwako. Haina ngumu kuelewa. Umupeleke bibi yako kule, hii siku, kabla giza. Usiingie. Simama inje, upige hodi ya heshima, umuombe musamaha, umwambie nyumba ni yake. Akikujibu toka mu mawe, njo amerudi kwake, na bibi yako amebaki wako."

"Na asiponijibu?"

Mama Dusabimana akafunga kitenge kichwani. "Mi sifiki kule," akasema, akapanda moto yake.

Wakapanda kilima mchana uleule, Viateur mbele, Constance nyuma, mvua nyembamba ikiwafuata na ukungu ukifunga njia nyuma yao, na kadiri walivyopanda ndivyo harufu ya maziwa yaliyochacha ilivyozidi, lakini haikutoka juu kwenye nyumba kama Viateur alivyotarajia, ilitoka nyuma yake, shingoni mwake, kila Constance alipopumua. Akajilazimisha asigeuke. Alifikiria neno moja tu, atakalolisema, na jibu moja tu analolitaka, na alikuwa tayari kulisikia jibu hilo kwa sauti yoyote mbaya, mradi litoke chini ya ardhi.

Akafika mlangoni, akavua kofia, akapiga magoti kwenye tope.

"Hodi," akasema. "Mwenye nyumba, hodi. Nilikosa. Hapa ni kwako. Haikuwa kwangu hata kidogo. Nisamehe, uniachie bibi yangu."

Akangoja. Akabisha tena, kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo masikio yake yakaona ubaya ambao moyo ulikuwa bado unaukataa. Sauti yake iliingia mle ndani haikurudi. Akanyanyua mikono, akapiga kofi, kofi kali kuliko yote aliyowahi kupiga, kuelekea kwenye giza la mawe, na kofi lile likafa palepale, bila mlio mwembamba, bila pumzi, kama limepigwa katikati ya shamba la maharagwe. Chumba kilikuwa mawe tu. Hakikuwa na jibu lolote ndani yake.

"Humo hamuna muntu tena," Constance akasema nyuma yake, polepole, na kila neno lilizunguka, likarudi, likalia kwenye ukungu ulio wazi. "Unabisha bule. Simama, twende kwetu."

Mkono ukamgusa bega. Njia ya kuteremkia mji wa Sake ilikuwa pale, imeshuka kulia, na Viateur alikuwa na miguu mizuri, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kukimbia. Aliitazama njia ile. Kisha nyuma ya kile kishindo cha mawe, mbali, kama mtu anayesema kutoka uani wakati wageni wamejaa nyumbani, akasikia sauti ndogo, kavu, ya mkewe.

"Viateur?"

Pumzi nzito ikavutwa, ikaifunika. Mkono ukamkaza bega, ukamnyanyua. Viateur alimpenda, na alimwogopa, na mkewe alipoanza kuteremka kuelekea nyumbani, akamfuata.