Mwenye Chumba cha Kati

Bibi yangu Zuwena hakuwa mwoga, ila alikuwa na wivu, na alikiri mbele yetu wajukuu bila haya. Ninayosimulia yalimpata yeye, hapahapa Rumonge, enzi za Mjerumani.

Babu Feruzi alikuwa akiuza chumvi ya Uvinza na mawese. Alipooa mke wa pili, Sharifa, binti wa Kigwena, nyumba yao ya udongo ikawa ndogo, akanunua nyingine ya mawe kando ya ziwa. Mwenye nyumba hiyo alikuwa mfanyabiashara wa Ujiji mwenye haraka ya kuhama. Nyumba ilikuwa na kasoro moja: mfereji wa maji machafu ulipita chini ya vyumba. Yule bwana aliuchimba kwanza uani, kutoka bafuni hadi ziwani, kisha akajenga vyumba vitatu juu yake. Kwa hiyo kila chumba kilikuwa na kifuniko cha jiwe sakafuni, chenye pete ya chuma, ili mfereji ukiziba mtu afunue achokoe kwa mti. Babu aliuliza kwa nini vyumba vitatu, na muuzaji ana wake wawili. Yule bwana akasema cha kati ni ghala, akageuza mazungumzo.

Zuwena akapewa chumba cha kwanza, Sharifa cha mwisho, chumvi ikawekwa cha kati. Zamu zikagawanywa kama dini inavyotaka, usiku mmoja huku, usiku mmoja kule. Ilikuwa haki tupu, lakini bibi yangu alihesabu hata vicheko. Na mfereji ulimsaidia, maana akifagia karibu na kifuniko alimsikia Sharifa akikohoa na kuimba kule mwisho.

Jioni moja ya zamu yake, baada ya magharibi, alikuwa amepika ndagala, dagaa wa ziwani, kwa mawese, anamngoja mumewe. Akasikia kicheko chini ya jiwe. Kilikuwa cha mwanamke, cha chinichini. Kisha sauti ikaita, "Feruzi." Haikusema Baba Asmani, kama bibi alivyomwita kwa jina la mtoto wao. Feruzi tu, kwa deko. Damu ikamchemka. Kumbe Sharifa anamwibia zamu! Akavuta pete, akainua kifuniko, akainama.

"Kama unamutaka hivyo, muchukue," akasema. "Zamu zangu zote nimekupa."

Kwetu hilo si neno la mchezo. Mke akimpa mke mwenzake zamu, imekwenda. Kicheko kikakatika, na sauti ikajibu kwa adabu, "Murakoze," yaani asante.

Mara babu akaingia, miguu imejaa mchanga. Akaomba radhi kwa kuchelewa. Tangu mchana alikuwa amempeleka Sharifa kwa mama yake Kigwena, ana homa, amemwacha hukohuko.

Bibi akarudisha jiwe.

Babu akala tonge la kwanza. La pili likaishia njiani.

"Ninaitwa," akanong'ona.

Akaenda chumba cha kati. Akafunga mlango. Alitoka alfajiri, ananukia udi, uso umeng'aa kama wa bwana harusi.

Ikawa hivyo kila zamu ya bibi. Sharifa alipopona akarudi, akapata usiku wake kama kawaida, lakini naye alinusa udi kwenye kanzu, akamwona mume anavyotabasamu peke yake. Akaamini anatoka nao kwa mke mkubwa. Siku moja wakifua ufuoni akashindwa kuvumilia.

"Mama Asmani," akasema, "unamupa nini ule bwana?"

Hapo bibi angeweza kusema kweli. Lakini angekiri kwamba mume hamtazami tena. Akacheka tu, akamwacha mwenzake aungue. Alituambia ilikuwa tamu ajabu kuonewa wivu na mtoto yule, hata kwa kitu asichokuwa nacho. Nilimpenda sana bibi yangu, lakini kwa hilo namlaumu hadi leo.

Jioni ileile, zamu ya Sharifa, bibi alikuwa akifagia. Akamsikia mwenzake kupitia mfereji, analia.

"Basi, Mama Asmani, acha kumuita. Na zangu chukua. Zote."

Bibi akatupa ufagio. Akakimbia. Alimkuta Sharifa amepiga magoti kando ya kifuniko chake, na sahani ya mume iko mkekani, imeanza kuliwa.

"Bwana iko wapi?" bibi akauliza.

"Ameitwa," Sharifa akanong'ona.

Mlango wa kati ulikuwa umefungwa kwa ndani. Jirani yao Mbaraka akauvunja. Magunia ya chumvi. Hakuna dirisha. Hakuna mtu. Kifuniko kilikuwa mahali pake, na juu yake kanzu ya babu, imekunjwa vizuri, kama mke anavyoikunja. Mbaraka akainua jiwe. Mfereji ulikuwa mwembamba hata paka asingepita.

Bibi akalala kifudifudi, mdomo kwenye tundu.

"Zamu zangu nazirudisha. Nipe mume wangu."

Maji yakapita. Kisha babu akacheka huko chini. Hakulia, hakuomba msaada. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeridhika, ambacho kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumchekea bibi. Bibi alisema hofu ilimtoka palepale. Kilichobaki ni wivu, nao ulimuuma hadi kufa kwake.

Wake wale wawili walihamia chumba kimoja na wakazeeka pamoja. Watu waliwashauri waiuze nyumba, wakakataa. Nani amwachie mwanamke yule mume wao?

Wiki aliyozikwa bibi, nilikwenda na udongo na chokaa niuzibe ule mfereji wa chumba cha kati. Nilipopindua jiwe, upande wa chini ulikuwa na alama za viganja viwili vya mwanamke, za hina. Niligusa. Hina ilikuwa mbichi. Pembeni yake zilikuwepo alama za viganja vingine, vidogo vidogo, vya watoto.

Bibi Sharifa alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake. Akaniuliza nimeona nini.

Nikamwambia hakuna kitu.