Hema la Matanga

Sifuna alikuwa mwenyekiti wa chama cha matanga katika kijiji kimoja karibu na Matulo. Na kazi aliijua! Mtu akifa tu, Sifuna amefika: hema hapa, viti pale, sufuria kwa akina mama. Hema lenyewe lilikuwa la buluu, bado jipya.

Asubuhi hiyo alikuwa analianika uani. Jana yake walimzika jirani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na mto ulijaa uchafu. Hata hivyo, waombolezaji walikunywa maji ya mto na kunawa mikono katika beseni moja, kama kawaida yao.

"Baba Ivy!" mkewe, Nakhungu, aliita. "Kuja uone mtoto!"

Ivy, binti yao wa darasa la pili, alikuwa amejikunja kando ya choo. Aliharisha maji matupu, kama maji yaliyooshewa mchele. Akatapika. Akaharisha tena.

"Ni chakula cha matanga tu," Sifuna alisema. "Asipewe maji. Itaisha."

Haikuisha. Kufikia saa sita mchana, Ivy hakuweza kusimama. Sifuna alimbeba mgongoni, mbio hadi zahanati, Nakhungu akifuata nyuma.

Lo! Majirani walikuwa wamejaa huko. Wengine walilala nje kwenye matope, na mvua ilikuwa imeanza tena. Muuguzi Chepkirui, mwenyeji wa Cheptais, alifinya ngozi ya tumbo la Ivy. Ngozi ilibaki imesimama.

"Naona ni kipindupindu. Amekauka maji mwilini. Amekunywa nini leo?"

"Hakuna. Nilikataza."

"Mungu wangu! Mtoto anapoteza maji, na wewe unamnyima maji?"

"Si umwekee dripu basi, sista!"

"Dripu zimeisha asubuhi. Stoo ni tupu."

"Ati zimeisha? Zahanati gani hii haina dripu?"

Chepkirui alimtazama. "Mzee Sifuna, umesahau mkutano wa bajeti?"

Hakuwa amesahau. Mwaka jana maofisa wa kaunti walikuja Misikhu kuwauliza wananchi pesa za wadi zifanye kazi gani. Chepkirui aliomba akiba ya dharura: dripu, chumvi za kurudisha maji mwilini, na klorini ya kusafisha maji. Sifuna akasimama. "Ugonjwa haujapiga hodi, wewe unauwekea kiti? Unatuitia balaa! Sisi tunataka hema na viti vya matanga." Watu walimpigia makofi. Hema likanunuliwa.

Mazishi ya mtoto wake alikuwa ameyaandaa, matibabu yake hapana. Aliogopa kama hajawahi kuogopa.

"Nimepigia wenzangu Kitale," Chepkirui alisema. "Bodaboda iko njiani na katoni ya dripu. Lakini barabara ni mbaya. Lazima mtoto anyweshwe maji mpaka ifike. Mama Ivy, anaweza kumeza?"

"Kidogo."

"Sawa. Hata zile chumvi zimeisha, kwa hivyo tutatengeneza zetu. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia sukari vijiko sita vya chai, visijae kupita ukingo. Chumvi, nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi, itamdhuru. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha uanze tena."

"Na mimi?" Sifuna aliuliza.

"Wagonjwa wananyeshewa. Nataka mahali pa kuwalaza, mbali na kisima."

Sifuna alikuwa ameshatoka mbio.

Aliporudi na mkokoteni, wanawake waliliona lile hema la buluu wakapiga mayowe. "Woi! Nani ametuacha?"

"Hakuna aliyekufa!" Sifuna alifoka. "Nyamazeni, mshike kamba!"

Hema lilisimama. Wagonjwa walilazwa chini yake. Nakhungu alimnywesha Ivy kijiko baada ya kijiko. Mikono ya mtoto ilikuwa baridi. Sifuna aliisugua, macho barabarani. Pikipiki ikapita. Siyo. Ikapita nyingine. Siyo hiyo pia. Ivy akafumba macho.

"Ivy! Usilale, mama!"

Ndipo pikipiki iliyojaa matope ikakata kona, katoni imefungwa nyuma. Chepkirui alitafuta mshipa mara moja, akaukosa. Mara ya pili akaupata. Dripu ikaanza kutiririka.

Jua lilipokaribia kutua, Ivy alifumbua macho. Akatazama juu, akaona kitambaa cha buluu.

"Baba," alinong'ona, "nani amekufa?"

Sifuna alilia mbele za watu, bila haya. "Hakuna, mama. Hakuna mtu."

Mkutano wa bajeti ulipofika tena, mtu mmoja aliomba viti zaidi vya matanga. Sifuna akaruka juu. "Viti tunavyo, bana! Tujaze stoo ya sista kwanza. Mgonjwa hangoji bajeti." Chama chote kikamuunga mkono. Safari hii akiba ya dharura ikaandikwa.

Beseni la matanga nalo lilitupwa. Siku hizi watu wananawa kwa sabuni na maji ya ndoo yenye mfereji, na maji ya kunywa yanachemshwa au kutiwa klorini.

Mvua kubwa zilirudi, na kipindupindu nacho. Lakini stoo ilikuwa na kila kitu. Wachache waliougua walitibiwa mapema, wote wakarudi makwao.

Msimu mzima hema lilikaa limekunjwa ghalani kwa Sifuna. Kuku akalifanya kiota, akataga humo. Sifuna hakumfukuza.