Karabini ya Ajida Ngosa

Unga wa mbao ulikuwa umelowa. Clément Kalaba aliliona hilo siku ya pili ya kazi ile, alipokuwa anafupisha mbao ya bunduki kuukuu. Mbao yenyewe ilikuwa imekauka kwa zaidi ya miaka hamsini, tena ulikuwa mwezi wa sita, majira ambayo Lubumbashi hata mate ya mtu hukauka kabla ya kufika chini. Lakini unga ulitoka kwenye meno ya msumeno ukiwa mzito kama tope, ukamganda vidoleni. Akaunusa. Ulinuka samaki.

Clément alikuwa fundi wa bunduki. Alimtumikia mzungu mmoja aliyeuza silaha za uwindaji mjini, na mzungu huyo alipokimbia mwaka uliopita alimwachia tupa, misumeno na eto, kile chuma kizito cha kubania kazi mezani. Sasa alifanyia kazi kibandani, nyuma ya nyumba alimokaa na mkewe Victorine katika Kenya, komini mojawapo ya mji huo. Ilikuwa 1961; Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, ina bendera yake na askari wake, na kila mwenye bunduki mbovu alijua mlango wa Kalaba uko wapi.

Bunduki ile iliyolowa ililetwa na Désiré Ngosa, ajida, yaani mwenye cheo katika jandarmeri, jeshi la Katanga, aliyekuwa ametoka juzijuzi vitani kaskazini, upande wa Pweto. Ilikuwa ndefu, ya askari wa zamani sana. Aliposimamisha kitako chake chini, mdomo ulimfika kifuani.

“Papa Kalaba, uikate ikuwe karabini,” alisema Ngosa. “Sawa zile fupi asikari ba farasi balikuwa banabeba zamani. Tarehe kumi na moja ya mwezi wa saba, siku ya uhuru yetu, tutapita mbele ya bakubwa, nataka nibebe hiyo.”

“Karabini ya kweli, ajida, ao ya kufananisha tu?”

“Ya kufananisha. Lakini isibakie na sura yake hata kidogo. Mama yake mwenyewe asiitambue.”

Clément alicheka. Ngosa hakucheka.

Siku ya tatu Clément alikata mtutu. Kipande cha chuma, shubiri moja na nusu, kilianguka sakafuni, na hakikulia kama chuma kinavyolia. Kilikohoa. Alisimama na msumeno mkononi akisikiliza, kisha akajiambia kwamba ni vumbi na uchovu. Akawasha makaa ili aukunje mkono wa kufungulia risasi, ambao kwenye bunduki ndefu hutokeza pembeni na kwenye karabini hulala chini. Chuma kikawa chekundu. Alipokigonga nyundo kilitoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa, na kibanda kizima kikanuka ziwa, matope na magamba.

Victorine akatokea mlangoni. Alisema polepole, mkono ukiwa karibu na mdomo.

“Kalaba, ile muntu ni nani?”

“Muntu gani?”

“Iko pa mulango ya mbele. Anasema anafwata kitu yake. Nilimwambia angoye. Nguo zake zote ziko maji.”

Clément alizunguka nyumba. Jua lilikuwa la saa sita, njia imejaa watu na baiskeli. Ng'ambo ya njia jirani yao Mado alikuwa kizingitini, anachambua maharagwe.

“Mado, umeona muntu hapa kwetu?”

“Nani? Nimeikala hapa tangu asubui, papa. Hakuna.”

Lakini juu ya saruji ya mlango palikuwa na alama za maji za nyayo mbili, miguu mitupu, vidole vikielekea ndani.

Kesho yake, king'ora cha saa sita kilipolia kiwandani na wafanyakazi kuanza kumiminika njiani, Clément aliinua kichwa kutoka kwenye tupa, akamwona mtu ameketi juu ya sanduku la vyombo, mtu mwembamba mwenye shati lililomshika mbavu kwa maji, na maji yale yalimtiririka bila kwisha, yakapita chini ya meza na kuingia katikati ya vidole vya Clément, yakiwa baridi, baridi ya kilindi kisichoona jua, wakati nje watu walikuwa wakicheka na kuitana na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Mtu yule alinyoosha mkono juu ya meza. Alipapasa mbao iliyofupishwa, akapapasa mdomo mpya wa mtutu na mkono uliokunjwa, taratibu, kama kipofu anayetafuta uso wa ndugu yake, kisha akatikisa kichwa. Haikuwa ile. Vidole vyake vikaendelea, vikaiacha bunduki, vikapanda juu ya tupa na kukishika kifundo cha mkono wa Clément.

“Ni weye?” aliuliza. Maji yalimtoka mdomoni pamoja na maneno. “Ni weye ulinipiga?”

Clément alipopata sauti ya kupiga kelele, sanduku lilikuwa tupu. Kifundo chake kilikuwa cheupe, na vidole havikukunjika mpaka jioni.

Victorine hakumngojea aamue. Alimshika mkono, wakaenda mtaa wa Katuba kwa Mama Chileshe, mganga mwanamke aliyejulikana kwa kuzungumza na wafu. Mama Chileshe alikinusa kifundo kile, akakiachia haraka.

“Hii haiko jini ya pori,” alisema. “Ni mufu. Muntu alikufa vibaya, anafwata chuma yenye ilimuua. Na weye umekata ile chuma.”

“Niliambiwa nikate, mama.”

“Hawakukupa kazi ya bunduki, mwanangu. Walikupa kazi ya kuficha. Mufu aliijua kwa urefu yake. Sasa haiitambui, na haimutambui mwenye kuibeba. Anaona tu mikono yenye iko juu yake. Ni mikono yako.”

Victorine aliuliza la kufanya. Mama Chileshe alimgeukia Clément.

“Mwenye alimuua aende mwenyewe, aseme mbele yake. Akikataa, murudishie bunduki urefu yake, ikiwa mu mikono ya mwenyewe. Mufu ataona. Lakini ujue, Kalaba: siku hiyo utakuwa umemuonyesha mufu muntu ya kuchukua.”

Clément alikwenda kambi ya askari. Alimkuta Ngosa nje ya nyumba yake, mtoto wa kike amelala mapajani, mwingine akimchezea kofia. Mkewe Angélique alimletea mgeni kiti na maji ya kunywa. Angélique alipoondoka na watoto, Clément alisema yote, bila kuzunguka.

Ngosa aliokota kofia iliyoachwa na mtoto.

“Alitoka mu maji,” alisema. “Tulikuwa mbele ya Pweto kidogo, pembeni ya ziwa. Alitoka na kitunga ya samaki ku kichwa, mikono juu, anakishika. Nilifikiri… Hapana. Sikufikiri kitu. Nilipiga tu. Tangu ile siku analala pa mulango yangu. Tangu nilikuletea bunduki, nalala muzuri.”

“Kuya useme mbele yake, ajida. Mama Chileshe atakuwa pale.”

“Niseme nini? Jina yake siijue.” Ngosa alisimama. Sauti yake ikawa ile ya kazini. “Maliza kazi yangu. Ukikataa, nitasema unatengenezea bunduki baasi ba kule kaskazini. Unajua bantu ba maneno sawa hiyo wanapelekwa wapi.”

Clément alijua. Usiku ule Victorine alilia bila sauti, na nyayo za maji zikafika mpaka ubavuni mwa kitanda, upande wa mumewe.

Clément akaimaliza kazi. Ngosa alikuja kuichukua mchana, amevaa vizuri kwa ajili ya mazoezi ya gwaride. Aliipokea karabini kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akatabasamu kama mtu aliyepona homa.

“Papa Kalaba, uko fundi! Ni ingine kabisa.”

Mtu wa maji alikuwa nyuma yake. Ngosa hakumwona. Mtu yule alimpapasa Ngosa mabega, akaipapasa bunduki, akatikisa kichwa kama siku ile. Kisha akampita, akaja kwa Clément, na safari hii hakushika kifundo. Alipeleka mkono kooni. Maji baridi yalipanda kifuani mwa Clément kutoka ndani, yakafika shingoni, na kupitia mlango wazi alimwona Victorine uani, akianika nguo.

Mkono wa Clément ukatafuta chini ya meza, ukakipata kipande cha mtutu. Akakiweka mbele ya mdomo wa karabini mikononi mwa Ngosa, chuma kwa chuma, mpaka bunduki ikawa ndefu tena.

“Unafanya nini?” alisema Ngosa.

Mtu wa maji aligeuka. Aliitazama bunduki kutoka mwanzo mpaka mwisho. Halafu akamtazama aliyeishika, na uso wake ukatulia.

Ngosa aliondoka na karabini begani. Mado, aliyekuwa kizingitini kwake, alisema baadaye kwamba ajida alitembea kama mtu aliyebeba mgonjwa mgongoni.

Gwaride lilipita bila yeye. Watu walisema alionekana amepanda lori la wauza samaki, bila sare, akielekea kaskazini. Mapigano ya mwezi wa tisa, kati ya jandarmeri na askari wa Umoja wa Mataifa, yalikuja, yakapita. Clément hakumtafuta. Alikuwa analala, anakula, na kila alipomwona mjane sokoni aliinamisha macho.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Angélique alikuja na watoto wake, amechangamka.

“Papa Kalaba, bwana yangu amerudia! Nilijua mulizungumuza naye siku ile, ndiyo tumekuja kusema aksanti. Ameacha buasikari, ameacha pombe. Hapigi tena muntu. Anawashonea batoto nyavu za kuchezea, sijui alijifunzia wapi. Yeye huyu anakuja.”

Désiré Ngosa aliingia uani. Ulikuwa mwili wake, na kovu lake la kidevuni. Mtoto wa kike alikuwa ameng'ang'ania kidole chake. Alimpa Clément mkono, na mkono ulikuwa na baridi ya kilindi.

“Fundi,” alisema, kwa matamshi ya watu wa ziwa. Akainama karibu, ili mwanamke asisikie. “Usiogope. Ngosa alibakia kule mu maji. Miye niko muzuri na hawa.”

Angélique alikuwa anacheka na Victorine mlangoni. Mtoto alinyoosha mikono abebwe, na yule mtu akamwinua kwa upole mkubwa, akamweka begani. Clément alifungua mdomo. Akamtazama mama, akamtazama mtoto, akaufunga.

“Karibu, ajida,” alisema. “Ikaleni.”