Mlezi wa Chozi

Jicho-nyuki, kamera yenye mabawa isiyozidi punje ya mtama, lilielea hatua mbili kutoka kwenye kiota bila kutikisa hata jani. Kwenye ukuta wa maabara, katika Jiji Jipya la Uluguru, kiota kile kilionekana kikubwa kama pipa: kifuko cha nyasi kilichoshonwa kwa utando wa buibui, na ndani yake kinda mmoja wa chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Hakukuwa na kinda mwingine wa chozi porini.

Dokta Semeni Mkude alikuwa akimtazama mama wa kinda huyo tangu afunge unyasi wa kwanza tawini. Kwa ajili ya ndege huyo Semeni alikosa hata arusi ya mdogo wake.

"Dakika arobaini hajarudi," alisema. "Namtuma mlezi."

Mlezi ilikuwa roboti aliyoiunda mwenyewe kwa miaka sita. Ilisaga wadudu na kumlisha kinda bila kumpalia, na kila ilipomaliza ilitoa mlio, ti-ti-tuu, kuwajulisha mafundi.

"Dokta, ngoja kidogo," alisema Laurian, mtaalamu wa ndege aliyekaa naye zamu. "Mvua ndiyo kwanza imekatika. Atakuwa amejibanza mahali."

"Na asiporudi?"

"Robo saa tu, Dokta. Nakuomba."

Semeni alimtazama kinda aliyeachama mdomo, mwekundu, hana hata unyoya. Akabonyeza.

Dakika ya saba mama alirudi, buibui mdomoni. Akaikuta mashine imeziba mlango wa kiota. Alizunguka mara tatu akipiga kelele, akatua kwenye tawi la jirani, akamwangusha yule buibui. Semeni aliirudisha mlezi haraka, lakini mama hakusogea tena. Jua lilipozama aliondoka. Dume, baba wa kinda, naye alimfuata, na hakuna jicho-nyuki lililowaona tena.

Wiki ile ile Laurian aliomba uhamisho.

Mlezi ilifanya kazi yake vizuri mno. Kinda aliota manyoya, akaruka, akawa dume lenye kifua cha kijani kinachometameta. Picha zake zilijaa mjini, na Semeni akapewa nishani. Alipoivaa hakujua amwonyeshe nani.

Msimu wa kutaga ulipofika, wakamletea dume huyo, katika kizimba chake cha kioo, jike pekee lililosalia katika hifadhi ya ndani. Mafundi wote walikusanyika. Dume alipanda juu ya tawi, akatanua kifua, akaimba wimbo pekee aliofundishwa na aliyemlea:

"Ti-ti-tuu. Ti-ti-tuu."

Jike aligeuza kichwa upande mmoja, kisha mwingine. Akaruka hadi pembe ya mbali kabisa, akajikunyata. Dume aliimba siku kumi na tisa, asubuhi mpaka jioni, hadi sauti ikamkauka. Jike hakumsogelea.

Siku ya ishirini Mkurugenzi wa mradi alipiga simu.

"Dokta, nafunga ripoti ya mwaka. Wageni watauliza. Chozi yupo au hayupo?"

Nyuma ya kioo, ndege alikuwa anaanza tena.

"Yupo, Mkurugenzi," alisema Semeni.

"Safi sana. Naandika yupo."