Jina Ambalo Tarlina Hakulisikia

Kila asubuhi Tarlina alianza na sikio la kushoto kabla ya uso. Alikwenda kwenye bomba nyuma ya nyumba ya bibi yake, akasokota karatasi laini, akafuta usaha uliotoka usiku, kisha akaitupa karatasi kwenye majivu. Akashusha nywele zifunike sikio. Ndipo aliponawa uso na kuingia ndani kunywa chai na mkate wa kuoka majivuni.

Yeye na baba yake walihamia kwa bibi mama yake alipofariki. Nyumba yao ya mlango wa kijani ilifukizwa moshi wa majani, ikafungwa. Picha za mama zilifichwa. Pale Ngarlka, kijiji cha watu wa asili katikati ya jangwa, hakuna aliyetamka jina lake tena, maana aliyekufa huachwa apumzike, asije akageuka nyuma kwa kuitwa. Figo ndizo zilizomwondoa. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa mjini, mbali kupita jangwa lote, basi akapandishwa ndege ndogo, na hakurudi. Clifton, baba yake Tarlina, alisema wakubwa wa serikali walipata fedha za kupaka rangi lango la shule, lakini za mashine hawakupata. Alisema hivyo kila alipopita langoni.

Siku ndege ile ilipoondoka, Tarlina alisimama kando ya uwanja mpaka ikapotea machoni. Muda si mrefu sikio likaanza kuuma, na ndani yake ukaingia mngurumo, kama injini iliyo mbali. Ukakaa humo. Nyumba iliponyamaza alilala akiusikiliza. Ni ndege ya mama, alijiambia, bado iko angani. Wakinitibu, itatua wapi?

Kwa hiyo hakumwambia mtu.

Jumatano moja shule ilingojea wageni, vijana wa kujitolea wanaozunguka shule za jangwani ili watoto waone mfano wa kuiga. Ndege yao ilipopita juu ya mabati watoto wote walitimka. Tarlina alibaki anafunga kamba za viatu. Kwake mngurumo ulikuwa ni ule ule wa kila siku.

"Wewe umeota mizizi?" alipiga kelele Quinton, mtoto wa mama yake mkubwa. "Wageni hao!"

Ukumbini walijaa watoto na wazazi. Mgeni wa kwanza, Dane, mchezaji wa mpira, aliwachekesha mpaka wakashika mbavu. Wa pili alikuwa msichana mwanariadha, mtu wa asili kama wao, ila wa pwani ya kusini. Mwalimu Prue alimkaribisha. Mwalimu mwenyewe alikuwa mgeni. Walimu pale hubadilishwa kama betri za tochi. Yule msichana akatabasamu, akataja jina lake.

Lilikuwa jina la mama yake Tarlina.

Ivy, bibi yake Tarlina, aliinamisha kichwa. Akina mama walifunika nyuso zao. Clifton alitoka, na mlango ukajibamiza nyuma yake. Hata watoto wadogo walitazama sakafu, kama kwamba kuna mtu ameingia na hawataki kumwona.

Kisha yakasikika makofi ya mtu mmoja.

Alikuwa Tarlina. Alikuwa amejizoeza kupiga makofi kila msemaji anapofunga mdomo, ili isijulikane kwamba hasikii vizuri. Alipogundua yuko peke yake, mikono ilimganda hewani.

Nje, Quinton alimkamata bega. "Unapiga makofi? Mama yako anatajwa, wewe unapiga makofi? Huna haya?"

"Nimempigia mgeni."

"Mgeni ametaja jina."

Tarlina aliikodolea macho midomo ya Quinton. "Jina gani?"

Quinton alifungua kinywa, akakifunga. Asingeweza kulisema. "Hilo hilo," alinong'ona. Kisha uso wake ukabadilika. "Kwani hukusikia?"

Yule msichana mgeni alitoka akifutafuta macho, amefuatana na Bibi Ivy. "Nisamehe bibi. Kwetu nasi tuna desturi hii. Ningeuliza kwanza."

"Waliokuleta wamekuonya habari za nyoka, hili hawakuona la maana," alisema bibi. "Hapa utaitwa Kunmanara. Ndivyo tunavyomwita kila mwenye jina la aliyeondoka."

Bibi akaenda kusimama nyuma ya Tarlina, akamwita taratibu. Hakugeuka. Akamwita tena. Ndipo akamfunua nywele, na harufu ikampiga puani.

"Tangu lini, mjukuu wangu?"

"Tangu ndege," alisema Tarlina, na yote yakamtoka, usaha, mngurumo, mama aliye angani.

Clifton, aliyekuwa bado pale nje, alisikia kila neno. Aliketi mchangani. "Mimi nimekaa kuwalaani wakubwa," alisema, "kumbe sikio la mwanangu linaoza chini ya paa moja na mimi."

Kwenye zahanati nesi alilisafisha sikio, akatia dawa. Ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka, na la kulia lilikuwa limeanza kuziba. Daktari wa kuziba tundu alikuwa mjini.

"Sipandi," alisema Tarlina.

"Ndege yetu ina nafasi," alisema Kunmanara. "Nitakaa karibu yako."

"Nafasi mbili," alisema Clifton. "Safari hii hapandi mtu wangu peke yake."

Walipanda. Tarlina alimshika baba yake mkono mpaka ukaingia ganzi. Mjini alitibiwa, akarudi nyumbani na pamba sikioni. Mngurumo ulififia kidogo kidogo, hata asubuhi moja akaamka akasikia kunguru, mbwa, na maji kwenye bomba, basi. Alilia sana.

"Sasa mama yuko wapi?" alimuuliza bibi.

"Alishafika zamani. Aliyekuwa hajafika ni wewe." Bibi alimkalisha karibu naye. "Sikiliza. Jina lake tunalinyamazia ili apumzike. Lakini maumivu ya mtu aliye hai si jina la marehemu. Ukiyanyamazia yanakula ndani. Yaseme mapema, mwambie mtu mzima, na asipokusikia mwambie mwingine."

Clifton alikuwa mlangoni. "Na wale wakubwa wenye mashine?"

"Nao utawaambia," alisema bibi. "Si langoni ukipita. Nenda ukae mbele yao, uwaambie mpaka wasikie."

Clifton akavaa kofia yake, akaenda kuwaita wenzake waende pamoja.