Jina la Mtu wa Kitanzi

Jua lilipokuwa linazama, Collins alimwacha mkewe Seline kliniki kule Kabiro, uchungu umemshika, akaenda zake Kibera kutafsiri filamu. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ndiyo iliyofika miezi tisa. Lakini bwana huyo alisema mtoto atazaliwa tu, yeye awepo asiwepo. Mwanamume ovyo kabisa.

Kazi yake ilikuwa kukaa na maiki kando ya televisheni, katika banda la video la Mama Suad, mjane wa Kinubi, karibu na Soko la Toi, na kuwasemea Wazungu kwa Kiswahili. Ili watu wacheke, kila mwigizaji alimbandika jina la mtu wa mtaa. Maiti aliwapa majina ya wale aliowadharau, na Collins alidharau wengi.

Jioni hiyo ilikuwa filamu ya makauboi, hadithi fupi sita ndani ya moja, zile za kukuchekesha halafu ukajiuliza ulicheka nini. Ya kwanza ilipoisha, Mama Suad alimvuta shati.

"Collins, mtu wa kitanzi usimpe jina la mtu. Hii filamu sijui ililetwa na nani. Nimeikuta tu kwa mashine."

"Mathe, wacha ushamba."

Kauboi mwembamba alipandishwa juu ya farasi, kitanzi shingoni.

"Huyu ni Shiundu wa mahindi!"

Banda zima likaangua kicheko. Shiundu mwenyewe, aliyekuwa akichoma mahindi mlangoni, alicheka pia. Farasi akaondoka.

Kamba ikalia.

Kwiii... kwiii...

Shiundu akaanguka. Mikono shingoni, miguu ikirushwa sawasawa na ya yule kauboi. Collins akabonyeza rimoti. Akachomoa waya wa umeme. Picha haikuzimika. Banda likanuka jasho la farasi, na Kibera hakuna farasi.

"Mpe jina lingine," Mama Suad akanong'ona. "Haraka! Likimtoka Shiundu, atapumua."

Watu wakainamisha vichwa, kila mmoja akiomba asitajwe. Collins aliwatazama akatabasamu. Wajinga hawa! Kwani lazima awe mtu aliye hai?

"Huyu anaitwa Ephantus Njoroge," akasema kwenye maiki.

Lilikuwa jina la baba yake, aliyezikwa mwaka juzi.

Shiundu akakohoa. Akaketi, machozi yakimchuruzika. Kwenye televisheni kauboi aliendelea kuning'inia, akitapatapa.

"Mmeona?" Collins akacheka. "Ni kutumia akili tu, si kuogopa-ogopa kama nyinyi."

Simu yake ikaita. Alikuwa Seline, sauti iko chini kabisa.

"Baba watoto... ni kijana. Nimempatia jina la baba yako, vile kwenu kijana wa kwanza huitwa. Ephantus Njoroge. Ametoka akilia vizuri tu. Lakini saa hii amenyamaza... Nesi amemshika. Collins... mbona anarusha miguu hivyo?"

Kwiii... kwiii...

Watu walikuwa wameshaanza kukanyagana mlangoni. Collins akaitupa simu, akashika maiki kwa mikono miwili, akatafuta jina. Majina ya mtaa mzima yalimjia mbio, la Shiundu likiwa mbele.

Lake mwenyewe halikumjia.