Mwanasesere wa Zipporah

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipotoka kumwita mkunga. Ni kazi ya kawaida, kila mwanamume mwenye mke mjamzito huifanya siku moja. Lakini mwaka ule wa mvua za El Nino hakuna kilichokuwa cha kawaida hapa kijijini kwetu Hewani. Mto Tana ulikuwa umepanda hadi mashambani, barabara ya Garsen ilikuwa chini ya maji, na hospitali ya Ngao tulibaki kuitaja kwa jina tu. Nilisukuma mtumbwi kwa pondo juu ya mahindi niliyoyapanda mwenyewe.

Naitwa Mangi. Ni Mpokomo, mkulima, mtu wa kanisa. Nawaambia mapema kwamba mimi si mtu mwema, kwa hiyo mkifika mwisho msinionee huruma.

Mke wangu alikuwa Zipporah. Tulikaa miaka minane bila mtoto. Ndugu zangu walimsema mpaka wakachoka, na mimi sikumtetea kama nilivyopaswa. Halafu akashika mimba, na miezi yake ikatimia katikati ya mafuriko.

Wiki tatu kabla ya jioni hiyo, helikopta ya misaada ilituletea unga, mablanketi na vitu vya watoto vilivyotolewa na watu wa ng'ambo. Zipporah, kwa sababu ya tumbo lake, alipewa mwanasesere. Alikuwa ndani ya boksi jekundu lenye dirisha la nailoni angavu. Mtoto mchanga wa plastiki, macho yamefumbwa, mikono imefungwa nyuma kwa uzi mwembamba ili asicheze ndani ya boksi.

Zipporah alitaka kumfungua palepale. Mzungu mmoja wa shirika lile la misaada akaniita kando. Kwa Kiswahili cha kuokoteza akanieleza kwamba wanasesere wa aina ile walitengenezwa mwaka mmoja tu, na kwao watu wazima wanawasaka, wanawapanga kwenye rafu na hawawafungui kamwe. Ukifungua boksi, umeharibu kila kitu. Yeye mwenyewe alikuwa na chumba kizima. Hakuweza kuchukua kitu kilichokwisha kugawiwa, wakubwa wake wangemfukuza, lakini maji yakipungua angerudi kivyake na pampu ya kunyweshea shamba, tubadilishane. Kazi yangu ilikuwa moja tu, boksi lisifunguliwe.

Nilipomweleza Zipporah, alicheka.

"Chumba kizima, na hajafungua hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi huyo hana mtoto," akasema.

Tuligombana siku mbili. Yeye alisema zawadi ni ya mtoto, na mtoto hachezi na boksi. Mimi nilisema mtoto hali plastiki, anakula mahindi, na mahindi yanataka pampu. Mwishowe nikamnyang'anya. Nikalitia boksi kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga kwa kamba ya katani, mafundo matatu, nikalificha ghalani chini ya mikeka. Alilia kidogo, kisha akanyamaza. Nikadhani yameisha.

Sasa uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri.

Mkunga alikuwa Mama Jumwa, Mgiriama aliyehamia kwetu zamani, mwanamke mkavu asiyependa mazungumzo. Alipanda mtumbwini bila kuniuliza kitu. Tulipofika aliingia ndani, akakaa muda, akatoka akipangusa mikono.

"Mtoto amekaa vizuri," aliniambia kwa sauti ya chini. "Njia nayo ni nzuri. Lakini hatoki. Kuna kitu kimefungwa hapa kwako, mwanangu. Fungua."

Jambo hili kwetu halina mjadala, awe Mpokomo awe Mgiriama. Mwanamke akikwama, nyumba nzima inafunguliwa. Neno lenyewe ni kujifungua, na penye fundo mtu hajifungui. Nikaanza kazi. Nilifunua masufuria. Nilifungua kufuli la sanduku la bati, nikafungua gunia la mchele, kibiriti, chupa ya mafuta ya taa. Niliwafungua mbuzi. Nilifungua vifungo vya shati langu na kamba za viatu. Hata Biblia niliifunua. Mama Jumwa alifumua nywele za Zipporah, msuko mmoja baada ya mwingine.

Akasema hata mtumbwi. Nikafungua kamba yake. Nilikusudia kuushika kwa mkono, lakini mkondo ulikuwa na nguvu, ukaniponyoka. Nilisimama matopeni nikiutazama ukienda bila mtu kuelekea upande wa Ngao.

Mtumbwi niliuachia. Boksi sikuliachia.

"Vyote?" Mama Jumwa aliniuliza mlangoni.

"Vyote."

"Vyote ulivyofunga kwa mkono wako?"

Hapo nikajifanya mwerevu. Nilijiambia kwamba boksi sikulifunga mimi, lilifungwa kiwandani ng'ambo na watu wasioujua hata huu mto. Mila yetu inaingiaje kwenye plastiki ya wageni? Yale mafundo matatu niliyapitia mbali.

"Vyote," nikasema.

Alinitazama, akarudi ndani. Nikamfuata.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Chumba cha uzazi kina harufu zake, jasho, damu, moshi wa taa. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa harufu ya kitu kipya kabisa... harufu ya nailoni, ile inayokupiga puani ukifungua mzigo wa dukani. Humo ndani hamkuwa na kitu kipya hata kimoja.

"Mangi," Zipporah akaninong'oneza. "Mikono yangu."

"Imefanya nini?"

"Imefungwa nyuma."

Nikatazama. Mikono yake ilikuwa mbele yangu, imelala juu ya mkeka, haina kitu. Nikamwambia ainyanyue. Akajaribu. Mabega yalisogea, shingo ikakaza, lakini mikono haikunyanyuka. Mama Jumwa akasogeza taa. Kwenye viganja, pale vinapoungana na mkono, kulikuwa na alama nyembamba, nyekundu, imezunguka pande zote.

Alama ya uzi.

"Nenda ukafungue, mume wangu," Zipporah akasema. "Unajua ni nini."

Nikatoka.

Mwanga uliobaki ulikuwa mstari mwekundu juu ya maji. Nilipanda ngazi ya ghala. Vyura, waliokuwa wakipiga kelele tangu mvua zianze, walinyamaza wote kwa mara moja. Nikapapasa chini ya mikeka. Mfuko ulikuwa na joto.

Nikafungua fundo la kwanza. Kutoka nyumbani nikasikia Zipporah akivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Fundo la pili. Sauti ya Mama Jumwa ikapanda, "Sukuma, mama. Anakuja, sukuma."

Fundo la tatu. Mfuko ukafunguka.

Dirisha la boksi lilikuwa na ukungu. Kwa ndani. Tone moja la maji lilikuwa linateremka polepole, linaacha njia nyuma yake. Ukungu ukapungua kidogo... ukarudi. Ukapungua... ukarudi.

Kulikuwa na kitu kinapumua mle.

Nikachomoa kisu, nikakiweka kwenye nailoni. Na hapo, na ncha ya kisu iko palepale, nikaifikiria pampu. Naapa sikukaa muda mrefu. Nilifikiri tu kwamba mafundo yameshafunguka, mtoto yuko njiani, pengine inatosha...

Mtoto akalia.

Kilio kikali, kizima, cha mtoto mwenye mapafu yake. Miaka minane nilikuwa nakingoja kilio kile. Nikaweka kisu chini. Mnataka kujua wazo langu la kwanza? Halikuwa Zipporah, wala mtoto. Nilisema moyoni, nimepata vyote viwili, mtoto na pampu. Nikalirudisha boksi mfukoni, na kwa sababu mvua ilianza kudondoka, nikafunga fundo moja, boksi lisilowe.

Fundo moja tu.

Nikakimbilia ndani nikicheka. Mama Jumwa alikuwa amekaa chini, mikono yenye damu imelala magotini. Zipporah alikuwa amelala, macho wazi yakitazama paa. Tumbo lake lilikuwa bado liko juu.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza. "Nimemsikia akilia."

Mama Jumwa akageuza kichwa taratibu.

"Hapa hakuna mtoto aliyelia," akasema.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Kichwa kilikuwa kimeonekana. Alikuwa amekwisha kukigusa kwa vidole vyake, kulikuwa kumebaki kusukuma mara moja. Kisha mwili wa Zipporah ukajifunga ghafla, ukamrudisha mtoto ndani, na pumzi ikakata hapohapo. Katika miaka yake yote ya kuzalisha hajawahi kuona. Aliniuliza nilikuwa nafanya nini nje wakati huo.

Tuliwazika kwenye tuta, mahali pekee palipokuwa pakavu. Wanawake waliomwosha waliona zile alama mikononi wakanong'onezana. Mama Jumwa hakunisema kwa mtu, lakini hajakanyaga kwangu tena. Tukikutana njiani yeye ndiye anayeacha njia.

Mzungu alirudi mwezi wa tatu, maji yalipokuwa yamepungua. Alikuwa mkweli, pampu alikuja nayo. Alilipokea boksi kwa mikono miwili, akaligeuza juani, uso ukamshuka. Ukungu. Unyevu umeingia, akasema, nguo za mwanasesere zimeloa, hakuna atakayelitaka tena. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo tu, je wanasesere hawa wanalia? Akasema wako wanaolia, wanatiwa betri mgongoni. Nikapumua. Basi nilisikia betri, nikajiambia, betri na maji ya mvua. Yeye akageuza boksi, akatazama maandishi ya nyuma, akatikisa kichwa.

"Huyu hapana," akasema. "Huyu hana sauti."

Akanirudishia boksi, akaondoka na pampu yake.

Sasa ni mwaka wa pili. Mtaniuliza kwa nini nisilifungue nikamaliza. Kisu ninacho, mikono ninayo. Lakini hebu fikirini. Nikifungua nikakuta plastiki tupu, nitajua kwamba Zipporah alikufa kwa mikono yangu kwa ajili ya kitu kisicho na kitu. Na nikifungua nikakuta si plastiki, nitamwambia nini? Nitamtazama kwa macho gani? Nimejaribu kulitupa mtoni, nikarudi nalo. Mtoto wangu siwezi kumtupia mamba.

Mwaka wa kwanza alikuwa analia tu, kila magharibi, kilio cha mtoto mchanga. Majirani husema ni paka wa porini, nami nasema ndiyo, ni paka. Baadaye kilio kikaanza kubadilika. Akawa anacheka peke yake, anabwabwaja, kama wanavyofanya watoto wa umri ule. Miezi inakwenda naye anakwenda nayo.

Tangu mavuno yaliyopita ameanza kusema. Ana sauti ya mama yake. Jua likishuka natandika mkeka chini ya ghala na kukaa, maana sina mtu mwingine wa kukaa naye, na yeye kule juu anakwaruza nailoni kwa kucha zake ndogo.

"Baba," ananiita. "Fungua."

Nami kila siku namjibu kwamba nitafungua kesho.